Pipa Juu ya Paa la Mama Mkwe

Geresom Kirunda hakuwa mtu wa kukaa. Hata akiwa amekaa, goti lake lilikuwa linacheza. Wakati wa kula, Gorreti, mkewe, alikuwa na desturi ya kuliwekea mkono goti lile ili sahani zisiruke mezani. Tangu Gorreti aende Mbale kumuuguza mama yake, goti lilikuwa halina mtu wa kulituliza. Nyumba yao ya Wanyange, nje ya Jinja, upande wa ziwa, ikajaa vitu vilivyotengenezwa bila kuombwa: rafu ya sahani ambazo hazikuongezeka, kiti cha mgeni asiyekuja, na banda zuri la kuku lisilo na kuku hata mmoja.

Mama mkwe alikuwa ameteleza akitoka kanisani siku za mvua, akavunjika kiuno. Mfupa uliunga, lakini uliunga kwa masharti. Kila alfajiri, baridi ya mlima Masaba iliposhuka na kuingia mtaa wake wa Nabuyonga, kiuno kile kilikaza na hakikukubali kulegea mpaka kimwagiwe maji ya moto. Kwa hiyo kila alfajiri Gorreti aliwasha sigiri, akapuliza makaa, akasubiri, akabeba karai mpaka bafuni. Mvua zikaisha, Krismasi ikapita, na bado alikuwa anapuliza.

Geresom alituma salamu kwa madereva wa malori: unarudi lini? Jibu likaja kwa njia hiyo hiyo. "Siku Mama atakapopata maji ya moto bila mimi."

Basi hapo Gorreti alikuwa amemwambia fundi neno la kifundi. Jinja ni mji wa bwawa la umeme, na watu wake huona nyaya nene zikipita juu ya vichwa vyao kwenda kuwasha taa za watu wengine. Umeme ukikatika wanatukana, wakichoka kutukana wanamwita Geresom. Alikuwa anatengeneza mitambo ya kuchemsha maji kwa jua, kwa mikono yake mwenyewe: sanduku la mbao, ndani yake bati lililopakwa rangi nyeusi na mabomba ya shaba, na juu yake kioo cha dirisha. Hiyo ndiyo paneli. Pamoja nayo pipa dogo lililovishwa godoro kuukuu ili lisipoe. Zahanati moja ya Jinja ilikuwa nayo, nyumba ya wageni ilikuwa nayo, na Mhindi mmoja aliyerudi kwenye nyumba yake ya zamani alikuwa nayo mbili.

Siri ya kazi ile ni moja, na Geresom aliirudia kwa kila mteja, atake asitake. Maji ya moto hupenda kupanda na ya baridi hupenda kushuka. Weka paneli chini na pipa juu yake. Maji yakipata jua yatapanda yenyewe mpaka kwenye pipa na kukaa humo hadi kesho, bila pampu, bila umeme. Ukiviweka usawa mmoja, mchana yatapanda kwa uvivu, na usiku yatarudi kwenye paneli kupigwa baridi. Asubuhi utaoga maji ya mtoni.

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na saba, jua la kiangazi likiwaka vizuri, alipakia vitu vyake kwenye lori la samaki akaenda Mbale. Kioo alikishika magotini njia nzima, na kwa mara ya kwanza goti lile lilitulia lenyewe, maana lilijua likicheza kioo kitavunjika.

Sasa, mtu asiyejua mambo ya ukwe atashangaa alichokuta. Kwa Wagisu, watu wa kina Gorreti, na Wasoga kina Geresom hawako mbali nao, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukimbiana. Hawapeani mkono, hawali sahani moja, hawapishani mlangoni. Mama akimwona mkwe anakuja, huvuta kitenge usoni. Mkwe akimwona mama anakuja, huingia majanini hata kama majani yana siafu. Kumtaja kwa jina lake ni aibu. Na kupanda juu ya nyumba anamolala mama mkwe ni sawa na kumkanyaga kichwani.

Mama Nabalayo alikuwa mjane wa sajini wa magereza. Mumewe alihamishwa kambi hii na ile maisha yake yote, na huko kambini ndiko mama alikookota Kiswahili chake, kifupi na cha kuamrisha. Alikaa nyuma ya pazia la mlango, Geresom akachuchumaa uani karibu na kamba ya nguo, wakasalimiana bila kuonana.

"Mukwe! Nasikia umeleta mashine."

"Siyo mashine, Mama. Ni jua tu."

"Jua iko hapa tangu zamani. Haijaniosha hata siku moja." Pazia likatikisika. "Na nani napanda huko juu kufunga?"

Geresom akafungua mdomo. Gorreti, aliyekuwa amesimama katikati yao kama mpaka, akakohoa.

"Wewe?" alisema Mama Nabalayo. "Mukwe hapana kanyaga kichwa yangu. Mimi sijafa bado. Tafuta mutu ingine."

Akatafutwa Latif, fundi mabati wa mjini, kijana mwenye miguu myepesi na adabu nyingi. Adabu ikawa nyingi mno, kama tutakavyoona. Geresom alimfundisha kila kitu chini, kwa vijiti na makopo: paneli hapa juu ya bafu, pipa pale karibu na mgongo wa paa, bomba la moto lipande bila kujikunja. Latif alirudia somo lote bila kukosea. Kisha Geresom akafukuzwa uani, kwa sababu bafu lingefunguliwa na si vizuri mkwe kuona ndani ya bafu la mama mkwe. Akaenda kusubiri upande wa pili wa ua wa miti, kwa jirani Kulusumu, muuza makaa, ambaye alikuwa na sababu zake za kuombea mawingu.

Hakuna adhabu kubwa kwa fundi kama kusikia nyundo ya mtu mwingine kwenye kazi yake. Geresom alikaa, akasimama. Alizunguka magunia ya makaa. Alipiga kelele, "Latif, nati umekaza?" na Latif akajibu, "Kila kitu sawa, bwana!" Akakaa tena. Waswahili husema subira huvuta heri. Geresom alikuwa hajawahi kuona heri inayovutwa polepole hivyo.

"Utanimalizia kiwanja kwa kutembea," Kulusumu alimwambia. "Kaa chini, bwana. Paa haikimbii."

Latif aliposhuka alikuja na vipande virefu viwili vya bomba mkononi. "Hii imebaki," alisema, macho yakiwa chini. Moyo wa Geresom ukashtuka, maana alikuwa amepima mwenyewe na hakuna kitu kilichotakiwa kubaki. Lakini kijana alikuwa tayari anafunga mfuko wake, na jua lilikuwa linawaka, na Geresom alikuwa na hamu. Mtu mwenye hamu haulizi maswali ambayo majibu yake hayataki.

Jioni ile Gorreti alikuja mbio mpaka kwenye ua, mikono ikidondoka maji.

"Yamekuja! Siyo ya kuunguza, lakini yamekuja. Mama amefungua mwenyewe, amefunga mwenyewe, amefungua tena kuona kama ni kweli."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi yakiwa hivi, nafunga mzigo wangu." Akapenyeza mkono kati ya miti akamshika kidole. "Nimechoka kupuliza, baba. Nataka kwangu."

Asubuhi mtaa wote uliamshwa na sauti ya kambini. "Gorreti! Jua ya mukwe imelala! Maji ni barafu!" Mara kukasikika sigiri ikiburutwa, na Kulusumu akatoka kupima makaa huku akijitahidi kuhuzunika.

Geresom alimkuta Latif njiani, anapakia mabati kwenye baiskeli kwenda kazini Sironko. Hakuhitaji kumbana sana.

"Mama alisema pipa ya mukwe haiwezi kulala juu ya kitanda yake," Latif alisema. "Akasema weka chini kule, juu ya bafu, sawa na hiyo kioo. Mimi nikamwambia, mama, fundi amesema juu. Akaniuliza, hii nyumba ni ya fundi? Bwana, alinisimamisha kama askari."

"Rudi basi upandishe."

"Apana, bwana. Nimekula chakula yake. Alaniwe mutu ingine." Na baiskeli ikaondoka na mlio wake wa mabati.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa: pipa na paneli vimelala bega kwa bega kama ndugu, na maji yanarudi usiku kule yalikotoka. Kazi ya kurekebisha ilikuwa ya asubuhi moja tu, lakini Geresom asingeweza kuifanya hata kama angepewa mwaka mzima. Gorreti aliingia kumbembeleza mama yake, akatoka na uso mzito.

"Anasema afadhali makaa. Anasema atalala vipi na pipa la mkwe juu ya kichwa chake."

"Kwani pipa litamfanya nini? Ni bati na maji!"

"Usinipigie kelele mimi. Mimi ndiye niliyelijenga paa?"

"Kesho kutwa zahanati inanisubiri Jinja, Gorreti. Nirudi peke yangu tena?"

Gorreti alimtazama, na machozi yakamtoka kwa hasira. "Unataka nimwache na maji ya baridi na kiuno kile? Nimchague nani, wewe au yeye? Sema, ili nikisema mimi usije ukanichukia." Geresom alikwenda akazunguka magunia ya makaa mpaka viatu vikawa vyeusi.

Jumapili Gorreti alimkalisha mama yake kwenye karia ya baiskeli, juu ya mto, akaisukuma polepole kwenda misa. Uwanja ukanyamaza. Geresom aliyatazama yale mabomba mawili yaliyobaki, yakiwa yameegemea ukuta. Alilitazama pipa. Alikwenda mpaka barabarani akarudi, akaenda tena. Kisha akamwomba Kulusumu ngazi.

"Ya nini?" aliuliza Kulusumu.

"Ya kupanda."

Kulusumu alimwangalia juu mpaka chini. "Chukua. Lakini mimi sijaona kitu," akasema, akageuza kigoda chake kikatazama upande wa pili.

Lisilo budi hutendwa. Hatua ya kwanza ya ngazi miguu ilikuwa mizito, na mikono ilimtetemeka, maana kwao Busoga huambiwa kwamba avunjaye mwiko wa ukwe hupatwa na kutetemeka kusikokuwa na dawa. Lakini alipofika juu na kushika spana, mikono ilikumbuka kazi yake ikatulia. Alifungulia maji yakamwagika bustanini. Alilivuta pipa kwa kamba mpaka kwenye mgongo wa paa, akalipigia kitanda cha mbao, akalikaza. Akaunga yale mabomba mawili na kila moja lilitosha pale pale alipokuwa amelipimia, kisha akalijaza pipa maji tena. Kwa mara ya kwanza tangu mvua zile alijisikia mzima. Nyumba zote za Nabuyonga zilikuwa chini yake, mlima umesimama wazi, na alikuwa anapiga mluzi.

Za mwizi ni arobaini. Za Geresom hazikumaliza hata misa. Padre alikuwa ameitwa kwa mgonjwa, katekista akasali sala fupi akawaruhusu watu. Kutoka juu ya paa Geresom aliona baiskeli inakata kona. Aliona kofia ya Gorreti, na nyuma yake kitenge cha buluu. Ngazi ilikuwa upande wa barabara, na kuteremka kungekuwa kuteremkia mikononi mwao. Akabaki amepiga magoti kwenye mgongo wa paa, spana mkononi.

Mama Nabalayo aliinua uso. Hakuvuta kitenge. Alimtazama mkwe wake macho kwa macho, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu siku ya mahari, na mtaa ukaanza kutoka milangoni mmoja mmoja. Kulusumu, ambaye hakuona kitu, alikuwa mbele ya wote.

Geresom alishuka, akapiga magoti vumbini. "Mama, nimekosa. Nitaleta mbuzi. Nitaleta mbuzi wawili, na kitenge cha kufuta kosa."

"Hapana taka mbuzi." Sauti ya mama ilikuwa ya chini, na watu wa kambini wanajua sauti ya chini ni mbaya kuliko ya juu. "Juu ya hii nyumba napanda nani? Napanda watoto yangu wanaume, ile nimezaa. Hakuna mutu ingine. Wewe umepanda. Basi wewe ni mwana yangu. Watu wote wamesikia?"

Watu walisema wamesikia. Kulusumu akapiga kigelegele kidogo, na Geresom akainua uso kwa furaha. Aliwahi mno.

"Sasa niambie," akaendelea mama. "Kama wewe ni mwana yangu, Gorreti ni nani yako? Ni dada. Mimi sikuzaa watoto waoane. Wewe rudi Jinja kesho, mwana yangu. Dada yako nabaki hapa na mama yake."

Kigelegele kilikatikia njiani. Gorreti aliiachia baiskeli ikaanguka na mto wake. Hakuna aliyecheka, ingawa lilikuwa jambo la kuchekesha, kwa sababu mama alikuwa amelisema akiwa na uso mkavu kabisa, na sheria ilikuwa upande wake.

Jua la mchana ule halikujua ugomvi wa watu, likafanya kazi yake. Asubuhi ya Jumatatu Mama Nabalayo aliingia bafuni peke yake na fimbo yake. Geresom, akiwa upande wa makaa na mfuko begani, alisikia bomba likifunguliwa. Akasikia mtu akivuta pumzi ndefu. Kisha maji, na maji, na maji, na mvuke ukatoka kwenye kidirisha cha bafu ukaenda zake juu ya migomba. Yalikuwa maji ya moto kweli, na kazi yake ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na ilikuwa imemnyang'anya mke.

Mama alitoka, akakaa kwenye kigoda mlangoni, bila pazia. "Mwana, njoo uage."

Geresom akaingia uani. Gorreti alisimama karibu na ukuta, hajalala.

"Maji ni mazuri," alisema mama.

"Asante, Mama."

"Nafungua, inakuja. Nafunga, inanyamaza." Alikung'uta kitenge ambacho hakikuwa na vumbi. "Lakini nikiita, maji naniitikia? Nikianguka tena humo ndani, hiyo pipa yako itanishika mukono? Mwana yangu Conrad ni polisi Kitgum, hata barua haleti. Sajini iko chini ya udongo. Nyumba hii ikinyamaza, mimi naogopa. Nimesema sasa. Naogopa."

Hakuna aliyetarajia neno lile kutoka kinywa kile. Gorreti alifunika mdomo kwa mkono. Geresom akajikuta ameketi chini, mbele kabisa ya mama mkwe, mahali ambapo jana kungekuwa kosa jingine.

"Mama," alisema taratibu, "umesema mimi ni mwana wako."

"Nimesema mbele ya watu. Sirudishi."

"Mama mkwe hawezi kulala kwa mkwe wake. Lakini mama hulala kwa mwanawe, na hakuna wa kucheka. Twende Wanyange. Mpaka kiuno kikubali. Halafu nitakurudisha kwako mwenyewe, na paa lako."

Fimbo ya Mama Nabalayo ilichora kitu vumbini, ikakifuta.

"Na huko maji ya moto iko?"

Geresom alijikuna shingo. Ni Gorreti aliyejibu, akimwita mama yake kwa Kigisu. "Hakuna, Mayi. Kwangu mimi naoga ya sigiri. Tangu niolewe."

"Muke wa fundi?"

"Mke wa fundi."

Mfinyanzi hulia gaeni, husemwa, lakini Mama Nabalayo hakuwa na haja ya methali. Alimtazama Geresom mpaka masikio yake yakawaka moto. "Kwa Muhindi umefunga mbili," alisema, na Geresom akatambua kwamba mkewe alikuwa amesimulia mengi katika asubuhi zile za kupuliza makaa. "Kirunda!"

Hakuwahi kumwita kwa jina. Geresom akasimama wima kama mfungwa aliyeitwa.

"Panda, teremsha hiyo kitu yote. Tunaifunga kwako."

"Na mimi, Mayi?" Gorreti aliuliza. "Mimi na yeye?"

"Hiyo siyo kesi yangu. Mimi nakwenda kwa mwana yangu. Wewe kama nataka, nenda kwa bwana yako. Kama nyumba ni moja, mutajua wenyewe."

Kulusumu alikuja na ngazi kabla hajaombwa. Geresom alipanda, na safari hii mama alisimama chini na fimbo yake akielekeza kama mtu aliyezaliwa kwenye kazi ile. Shika hapa. Siyo hapo. Ngoja upumzike. Aliposhika paneli, sauti ikapanda mpaka ng'ambo ya mtaa:

"Taratibu na kioo, wewe! Ukivunja, huko Jinja naoga nini?"

Gorreti akakaa juu ya mzigo wake uliokuwa umefungwa tangu juzi kwa matumaini tu, akacheka mpaka akalia, na hakujua kilichotangulia. Huko juu Geresom aliachilia spana, akashika ukingo wa mabati kwa mikono miwili, akangoja macho yakauke, maana haifai kufungua nati usiyoiona.